Doa Jekundu Juu ya Bonde

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeitwa Mwalimu mbele ya kitengo kizima. Tusi! Mtu akikuita mwalimu huku amekalia kiti chako, hakuheshimu. Anakuzika, tena kwa maua.

Aliyeniita hivyo ni huyu mwanamke, mkuu wetu mpya. Mimi namwita Mnong'ono, humu ndani tu. Nilimpokea mwenyewe alipokuja kujifunza kazi. Alikuwa hajui hata setilaiti inapita upande gani. Nikamfundisha, nikamwelekeza, nikamsahihishia. Mwezi uliopita kiti cha mkuu kikawa wazi, kila mtu akijua ni changu. Wakampa yeye! Fadhila za punda. Jina la Mnong'ono nimempa kwa sababu hapandishi sauti, hata nyumba iwake moto. Akinong'ona, watu wote wanainama kumsikiliza. Mimi nikisema kwa sauti, wanafunga mlango.

Kilichozua mambo ni ramani. Kazi yetu ni kupima unyevu wa udongo kutoka angani. Kwa asiyejua (na Mkurugenzi ni mmoja wao): ardhi yenyewe inatoa mawimbi ya maikrowevu, hafifu mno. Udongo mkavu unatoa mengi, uliolowa unatoa machache. Setilaiti inapita juu inasikiliza. Palipokauka tunapaka nyekundu, palipolowa buluu. Wahandisi wa bwawa wanatazama ramani yetu ndipo waamue: wapunguze maji au wayahifadhi.

Sasa ni wiki mbili, bonde lote lililo juu ya bwawa ni jekundu, na mji wetu humo humo. Jekundu kama pilipili! Nilikuwa wa kwanza kuliona. Nikaandika taarifa: UKAME MKALI. Nikaipigia mstari. Hii ndiyo taarifa ya kunirudishia kiti changu.

Mnong'ono akaisoma, akaiweka mezani taratibu, akasema ana wasiwasi. Ati huenda hapo bondeni kuna mtambo wa redio unaorusha kwenye masafa yale yale ambayo setilaiti inasikiliza. Ati masafa hayo yamepigwa marufuku, hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. Mtu akirusha, setilaiti inadhani ni ardhi inayosema, na udongo uliolowa unaonekana mkavu. Halafu akanigeukia: "Si ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu?"

Nilichemka! Nikamwambia setilaiti iko mbali kuliko mwendo wa siku nzima kwa gari, na mimi redio yangu ya sebuleni nikiipeleka jikoni inakwama. Mawimbi yatapandaje huko? Kwa ngazi?

Watu walicheka. Baadaye nikagundua hawakuwa wakicheka nilichosema.

Jumanne, 4 Machi

Nyumbani nako vita.

Jirani yangu ni refa mstaafu. Tangu aache kuchezesha mpira hana wa kumpulizia filimbi, basi ananipulizia mimi. Kila asubuhi nakuta taka mbele ya geti langu. Maganda, makaratasi, mifuko. Nikimuuliza, anatabasamu na kuniambia hajui. Tabasamu lile lile alilokuwa nalo akitoa penalti za uongo.

Ndiyo maana nilimwita shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa kila kitu na bingwa wa nusu ya kila kitu. Akanifungia kamera getini na kirushio juu ya paa, ili picha ije kwenye televisheni ya sebuleni. Nilimwambia nataka kitu chenye nguvu, kuta zangu ni nene. Akasema, "Shemeji, hiki kilitoka kwenye mtambo mkubwa uliobomolewa. Hiki ukitaka kitarusha mpaka kwa majirani wa majirani." Safi! Siku kumi na kitu sasa kinafanya kazi usiku na mchana. Kinapata moto kiasi kwamba paka amehamia paani.

Mpaka leo refa hajanasa, anangoja nilale. Mke wangu ndiye aliyenasa: hawezi kutazama tamthilia yake, kwa sababu televisheni inaonyesha geti. Jioni alikaa akalitazama geti, kisha akasema hata geti hili linafunguka mara nyingi kuliko mumewe anavyopandishwa cheo.

 Nilikwenda kulala nikiwa na viatu.

Jumatano, 5 Machi

Mnong'ono amekuja na hoja mpya, kichekesho kabisa. Wiki iliyopita umeme ulikatika mjini kutwa nzima. Siku hiyo hiyo, setilaiti ilipopita, doa jekundu halikuwapo. Bonde lilikuwa buluu! Umeme uliporudi, na wekundu ukarudi. Anasema: je, udongo umeungwa kwenye umeme?

Nikamwambia na setilaiti pia haijaungwa kwenye umeme wetu, kwa hiyo hoja imekufa.  Akasema, polepole, kwamba mtambo wa mtu fulani ndio umeungwa. Nikasema huyo mtu fulani aletwe! Nikapiga meza. Kikombe cha mhasibu kikamwagika. Mhasibu naye sasa hanisemeshi.

Lakini mchana Mungu alinikumbuka. Mkurugenzi alinikuta koridoni, akaniuliza kama ni kweli maikrowevu inaweza kuharibu vipimo vya setilaiti. Nikafungua mdomo kumweleza habari za mawimbi. Ndipo nikatambua anazungumzia ile maikrowevu ya kupashia chakula, iliyo kwenye chumba cha chai. Na nani anapasha chakula chake humo kila siku? Mnong'ono!

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Mkurugenzi, kwenye sayansi hatukatai jambo harakaharaka."

Saa nane ile maikrowevu ilikuwa imetolewa, imefungwa kamba kama mhalifu, na kupelekwa stoo. Furaha iliyoje! Nikaketi chumba cha chai kungoja kumwona akiteseka.

Mnong'ono akafungua chombo chake. Saladi. Anakula saladi. Siku zote alikuwa akipasha maji ya mlinzi wa getini, anayeumwa kifua.

Chakula changu kilikuwa cha baridi, mafuta yameganda juu. Nimekila chote, kijiko kwa kijiko, mbele ya watu waliokuwa wakinitazama kwa chuki. Mlinzi leo alinikagua begi mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Ukitaka kumtoa nyani mtini, usimrushie jiwe. Mwonyeshe mti mwingine.

Nilimwendea Mkurugenzi nikamwambia kuna semina nje ya mji, ya viongozi wapya, na kwamba ni aibu kitengo chetu kisiwakilishwe. Nilimsifu Mnong'ono mpaka ulimi ukaniuma. Akakubali papo hapo. Mnong'ono ameondoka asubuhi hii. Kabla ya kuondoka alikuja mezani kwangu, akaniomba jambo moja tu: taarifa ya ukame isitoke mpaka arudi. Amewaandikia watu wa masafa, wale wenye gari la antena, waje kumtafuta anayerusha. Akasema, "Nakuomba, Mwalimu. Chini ya bwawa kuna watu."

Kana kwamba mimi sijui kuna watu! Dada yangu wa kuzaliwa tumbo moja anakaa huko chini, yeye na wanawe. Nani anifundishe uchungu wa watu wa huko?

Nikasubiri gari lake lipinde kona. Nikakaa kwenye kiti.

Kiti kizuri. Kinazunguka.

Mhandisi wa bwawa alipiga simu kabla sijamaliza kuzunguka. Anasema mvua zinakaribia, bwawa limejaa kiasi, anataka kujua udongo wa juu ukoje. Kama umelowa, mvua haitanywewa, itateremka yote bwawani, itabidi aanze kupunguza maji mapema, kidogo kidogo. Kama ni mkavu, ardhi itakunywa, ahifadhi. Nikamwambia ni mkavu kama ukuni. Akauliza nina hakika? Akaniuliza mimi! Nikamtumia taarifa ikiwa na saini yangu, na chini yake nikaandika: Kaimu Mkuu wa Kitengo. Hakuna aliyenikaimisha, lakini kiti hakibaki bila mtu.

Jioni dada akapiga. Huyu ni mkubwa wangu, aliyenibeba mgongoni, basi nilimsikiliza. Ananiambia, "Mdogo wangu, huku kwetu ardhi imevimba. Nikikanyaga uani, maji yanatoka. Mwanangu kaacha kiatu kwenye tope, tumechimba hatujakiona. Na wenzetu wa juu bondeni wanasema huko ndiko kubaya zaidi. Hilo bwawa mnaliangalia?"

Nikamwambia kwa upole kwamba yeye anaangalia kwa macho, mimi naangalia kwa setilaiti.  Akasema sawa, wewe ndiye uliyesoma.

Ndiyo. Mimi ndiye niliyesoma.

Jumapili, 9 Machi

Mvua.

Ilianza jana mchana, haijakatika. Ardhi haikunywa hata tone. Maji yote yameshuka bwawani kama watu wanaotoka uwanjani. Adhuhuri mhandisi alinipigia, sikupokea. Akapiga tena. Nikamwambia mke wangu aseme nimelala. Mke wangu akachukua simu akasema, "Yuko hapa, amesimama mbele yangu, anasema amelala."

Mhandisi hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu kwamba anafungua milango yote sasa hivi kwa mpigo, la sivyo ukuta utakwenda, na kwamba kama ningemwambia ukweli Ijumaa, angeyatoa maji taratibu siku mbili hizi na hakuna mtu angelowa hata nguo.

Ving'ora vililia huko chini. Watu walipandishwa juu kwa malori. Hakuna aliyekufa. Nimeuliza mara nyingi, wa redio amerudia, hakuna aliyekufa. Lakini nyumba za mtaa wa dada zimeingia maji mpaka kwenye swichi za ukutani.

Wamefika kwangu jioni. Dada, wanawe, godoro moja, na sufuria lenye picha za harusi ndani yake. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kochi langu akichuruzika, akaitazama televisheni, iliyokuwa ikionyesha geti langu likinyeshewa. Akauliza hiki ni kituo gani.

Nimemkasirikia sana huyo mhandisi. Mtu ana bwawa zima, anategemea ramani ya mtu mwingine!

Jumatatu, 10 Machi

Mnong'ono amekatisha semina, amerudi. Nilidhani ataniruka kooni, na majibu nilikuwa nayo. Aliniuliza kama dada yangu yuko salama. Nikamwambia yuko kwenye kochi langu.

Mkurugenzi ndiye aliyewaka. Alituita, akaitupa taarifa yangu mezani, akauliza ardhi kavu gani hii inayozamisha watu. Sauti ilimtoka kama tarumbeta iliyopasuka. Nikaona maji yamenifika shingoni, na mtu akifika hapo haulizi mkono anaoshika ni wa nani.

Nikasimama. Nikasema, Mkurugenzi, tumehujumiwa! Kuna mtu hapa mjini anarusha mawimbi kwenye masafa yetu, ameitia setilaiti uziwi. Nikasema nimekuwa na wasiwasi huo tangu mwanzo. Mkurugenzi akamtazama Mnong'ono. Mnong'ono akatazama dirishani. Nadhani alikuwa akiuma midomo, sijui kwa hasira au kwa nini.

Na mtuhumiwa ninaye. Refa! Juu ya nyumba yake kuna dishi kubwa kama beseni la kuogea mtoto, na waya tatu. Mtu mmoja, dishi kubwa hivyo, la kazi gani? Na wivu wa kuona nafanya kazi ya anga? Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa yote yamenijia: taka getini ilikuwa ya kunipotezea mawazo.

Watu wa masafa wanakuja Jumatano. Nimejitolea kuwaongoza mwenyewe. Mkurugenzi amesema ni vizuri, ni nafasi yangu ya mwisho. Nimesikia lile neno nafasi. Mengine sikuyasikia.

Jumatano, 12 Machi

Andika, mkono wangu, andika, ingawa hutaki.

Gari la antena lilikuja. Ndani fundi wa masafa, mwanamke mwenye spika za masikioni na kitu cha mkononi kama mfupa wa samaki. Nyuma yetu gari la ofisi: Mkurugenzi na Mnong'ono. Nilikaa mbele nikionyesha njia. Nilikuwa nimevaa suti.

Fundi alitaka kuanza sokoni, apime huku na huku. Nikamwambia asipoteze mafuta, namjua mhalifu. Tukaingia mtaani kwetu. Kila tulivyosogea, mashine ndani ya gari ilizidi kulia. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nioe! Fundi akasema hajawahi kupata ishara kubwa kama hii kwenye masafa hayo, huyo mtu ni hatari. Nikamwambia hajui nusu yake.

Tukasimama mbele ya nyumba ya refa. Nikateremka wa kwanza, nikagonga kwa ngumi. Refa akatoka na kandambili. Nikamwambia mbele ya mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyezamisha nyumba ya dada yangu. Watu walijaa. Refa alishikwa na bumbuwazi, akasema dishi lile liliharibika kabla hajastaafu, njiwa wametaga humo. Nikasema uongo!

Fundi alinyoosha ule mfupa wa samaki kwa refa. Mashine ikanyamaza kidogo. Akaugeuza kushoto. Ikalia. Akaugeuza zaidi. Ikapiga yowe. Akatembea akifuata yowe hilo, akavuka nyasi, akasimama mbele ya geti langu, akanyanyua macho juu ya paa.

Nikasema mashine imeharibika.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na watoto wa dada. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu, "Si hicho kidude alichofunga kaka yangu? Cha kumpelelezea refa?"

Mtaa mzima ukageuka kulitazama paa langu. 

Wakaingia ndani wote kutafuta swichi. Sebuleni televisheni ilikuwa ikionyesha geti, kama kawaida. Na hapo, Mkurugenzi akiwa amesimama katikati ya zulia langu, mbwa mmoja akatokea kwenye picha. Akaiangusha ndoo yangu ya taka, ndoo yangu mimi, akauburuta mfuko mpaka mbele ya geti na kuupasua. Kisha refa akaonekana ameinama, anaokota maganda kwa mkono na kuyarudisha ndooni. Dada akasema, kumbe hiki kituo kina vipindi.

Refa alirudi kutushikia ngazi. Fundi alipanda, akachomoa waya. Ndani ya gari mashine ilinyamaza, ghafla, kama mtoto aliyepewa titi. Fundi akashuka na kirushio mkononi, akakifunga kwenye mfuko, akaniambia nitaandikiwa.  Mkurugenzi aliondoka akiwa amesahau kofia yake kwenye kochi langu.

Mnong'ono alibaki nyuma kidogo. Nilimsubiri anicheke. Aliinama akamsaidia refa kuokota taka iliyobaki.

Wanawake wa namna hii ndio wanaoua watu kwa shinikizo la damu!

Alhamisi, 13 Machi

Setilaiti imepita alfajiri. Bonde ni buluu. Buluu tupu, kutoka milimani mpaka kwenye ukuta wa bwawa, buluu ya kukutoa machozi. Lilikuwa limelowa wakati wote huo. Ardhi ilikuwa ikisema, na mimi juu ya paa nilikuwa nikiipigia kelele.

Nimempigia simu shemeji. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Akajitetea kwamba mimi ndiye niliyetaka chenye nguvu. Nikamwambia nilisema nguvu ya kupita ukuta, si ya kupita mawingu! Akasema kama kingekuwa kibovu ningelalamika pia. Mke wangu akaninyang'anya simu, akamwambia kaka yake asijali, akala naye njama ya kunicheka mbele yangu.

Jioni nilitoka uani. Dada alikuwa ameanika madaftari ya shule ya wanawe kwenye uzio, moja moja, yamefunguka kama ndege waliopigwa. Wino umetiririka, hakuna kinachosomeka. Alikuwa anajaribu kuzibandua kurasa kwa kisu, taratibu, ili zisichanike. Nikasimama pale. Nilitaka kusema kitu. Kooni kulikuwa na kitu kama jiwe.

Akaniambia bila kuniangalia, "Nilikwambia ardhi imevimba."

Nikasema ndiyo.

"Nilikwambia maji yanatoka."

Nikasema ndiyo, dada.

Akanipa kisu, akanipa daftari moja, la hesabu. Nikakaa chini nikabandua. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia. Kurasa mbili nilizichana. Hakunisema.

Sasa niko chumbani na bado lile jiwe liko kooni. Nimelitafakari vizuri, nikaona ni hasira. Ni hasira tu. Mtengeneza madaftari gani huyu anatumia wino unaoyeyuka?

Ijumaa, 14 Machi

Kikao cha nidhamu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Niliandaa hotuba ya kuondokea. Ilikuwa na sehemu tatu na methali sita, na mwishoni nilipanga kuubamiza mlango. Niliujaribu asubuhi, unabamizika vizuri.

Mkurugenzi akasoma makosa yangu. Kutoa taarifa iliyozuiliwa. Kujipa cheo. Kurusha mawimbi kwenye masafa yaliyokatazwa. Kumdanganya kuhusu maikrowevu ya chumba cha chai (hili lilimuuma kuliko yote). Alipofika neno kufukuzwa, nikasimama, nikavuta pumzi ya hotuba.

Mnong'ono akanyoosha mkono.

Akaongea kwa ile sauti yake, wote wakainama kumsikia, hata mimi, Mungu anisamehe, niliinama. Alisema kosa ni kubwa na watu wamepoteza nyumba. Haki yao ni kuambiwa ukweli, na mimi nitakwenda pamoja naye mtaa ule kuwaeleza kwa kinywa changu. Alisema ramani za miaka iliyopita nazo lazima zipitiwe upya, huenda kuna madoa mengine ya uongo, na hakuna anayezijua ramani hizo kama mimi. Akasema, "Kila ninachojua kuhusu kuisikiliza ardhi, nilikisikia kwake. Ameteleza. Msinitupie mwalimu wangu."

Mkurugenzi alikuna kidevu. Mhasibu alifuta macho, yule yule wa kikombe! Wakakubaliana. Mshahara unakatwa, cheo kinashuka, kazi ninabaki nayo.

Na hotuba yangu? Hakuna aliyeiuliza. Nilitoka, nikaubamiza mlango. Ukarudi taratibu, kumbe tangu asubuhi wamefunga chuma cha kuuzuia.

Amenitetea! Mbele ya watu wote! Sijawahi kudhalilishwa hivi maishani mwangu.

Jumapili, 16 Machi

Tumerudi kutoka mtaa wa dada, mimi na Mnong'ono. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, kwenye tope. Mlango wa kwanza nilianza kueleza habari za masafa, yeye akanigusa kiwiko. Basi nikasema nilikosea. Mzee mmoja aliniambia yamekwisha. Mama mmoja akanifungia mlango usoni, na nadhani alikuwa sahihi, ingawa angeweza kuufunga kwa adabu zaidi. Watoto walinifuata wakiniita Bwana Redio.

Njiani kurudi Mnong'ono aliniuliza kama nimechoka, akanibebea begi. Nikiwa kwenye gari nikaanza kufikiri. Nimefikiri mpaka nyumbani, nimefikiri wakati wa chakula, dada akiniuliza kama naumwa. Sasa nimepata.

Mwanamke huyu nilimharibia kazi. Nilimpeleka semina kwa hila. Nilikalia kiti chake, nikasaini jina la cheo chake, nikazamisha watu wakati yeye hayupo. Yeye ananiombea, ananitetea, ananibebea begi. Nimeigeuza hoja hiyo kila upande. Nimeipima kama mtaalamu.

Mtu mwenye akili timamu hawezi kumsamehe mtu kama mimi bure. Anayemsamehe mtu kama mimi ana jambo analolificha.

Kesho naanza uchunguzi.